Mama Aliyedai Majibu ya Mifupa Yake

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu. Nilipokuwa nikisimulia jukwaani, nilizoea kuokolewa na ngoma nikikosea.

Kwenye kliniki moja mtaani Naguru, mama mmoja anayemeza dawa za ukimwi alimzuia daktari mtafiti mlangoni. Mama alikuwa ametoa damu kwa utafiti wake, akataka kujua kama dawa zinamdhoofisha mifupa.

"Ssebo, bwana daktari, damu nilitoa. Majibu iko wapi?"

"Nimeyachapisha, nnyabo, mama yangu, katika jarida la kitaalamu la Ulaya."

"Mimi naishi Ulaya?" Akaketi kizingitini, mkoba mapajani. "Nieleze kwa Luganda. Siondoki."

"Kueleza watu ni kazi ya waandishi wa magazeti."

"Hao? Wanajua mpira tu."

Daktari akachuchumaa mbele yake, akaanza kueleza polepole. Mimi kwenye foleni nilikuwa nimejificha nyuma ya gazeti, nimesahau kwamba kwenye ukurasa uliomwelekea mama kulikuwa na safu hii ninayoandika, pamoja na picha yangu inayonionyesha nikicheka.