Nusu Sauti Kila Juma

Jumapili, baada ya matangazo, kuna kimya kifupi katika kanisa moja la Muthetheni ambacho wageni hudhani ni sehemu ya ibada. Kwaya imesimama, vitabu vimefunguliwa, na kinanda cha umeme kiko tayari mbele ya Jeff, mwalimu wa shule ya msingi. Lakini kabla Jeff hajabonyeza, wale wakongwe wa kwaya hutazama kwanza upande wa kushoto wa mimbari, mahali ambapo hakuna mtu. Hapo ndipo Onesmus Munyao, mwalimu wa kwaya, aliposimama kwa miaka kumi na tisa. Aliinua mkono, akafumba macho, akaguna mara moja, na watu thelathini wakajua pa kuanzia.

Onesmus alikuwa fundi wa baiskeli. Muziki alifundishwa na baba yake, nyumbani, kwa do-re-mi zilizochorwa kwa mkaa ukutani mwa jikoni. Hakuwahi kumiliki hata kifilimbi cha kutolea sauti. Sauti ilikaa kichwani mwake. Ukimwamsha katikati ya kazi, mikono imejaa grisi, ukamwambia, "Mwalimu, ule wimbo wa mavuno," angekugunia pale pale, na jioni mkifika mazoezini mngeukuta haujasogea hata unywele. Watu wa eneo zima la Mwala walilijua jambo hilo. Yeye mwenyewe alilijua zaidi ya wote, ingawa hakulisema.

Mwaka wa 2003, mwezi wa pili, kwaya zote za eneo zilipelekewa kaseti yenye wimbo wa lazima wa mashindano. Kanisa halikuwa na umeme. Walikuwa na redio kubwa ya kaseti iliyokula betri sita za mawe, na mawe hayo yalikuwa chini ya ulinzi wa Syombua, mweka hazina. Syombua hakuamini kwamba jiwe hufa. Likichoka, alilianika juu ya bati, akaligeuza mchana kama mtu anayeanika mahindi, akalirudisha likiwa na uhai kidogo.

"Jua ni la bure," alisema. "Mwenye haraka ya kununua akanunue yake."

Kwa hiyo walijifunza wimbo kwa mawe ya jua, miezi mitano. Ulikuwa wimbo mzito, wa polepole, wenye huzuni nzuri. Ubeti wa pili uliimbwa na soprano mmoja peke yake. Sauti ilipanda, ikatulia, ikapanda tena, na pale juu kabisa alisimama Ndanu, mke wa Onesmus, akiwa na miaka arobaini na saba, bila kukaza shingo. Onesmus alipofika hapo alishusha mkono kidogo. Hakuna la kumwongoza mtu aliyefika.

Mwezi wa saba ikaja barua. Mwaka huo kwaya zingeimba zikifuata kinanda kilichorekodiwa, ambacho kingepigwa kwa spika za ukumbi, mjini Machakos. Ndani ya bahasha kulikuwa na CD moja: wimbo ukiimbwa, kisha kinanda peke yake. Muthetheni hapakuwa na chombo cha kuichezea. Onesmus alimpigia simu Nthenya, binti wa dada yake, aliyefanya kazi ofisini Nairobi na kukaa Syokimau, na Jumamosi iliyofuata Nthenya akaja na diskimani yake ya kuchezea CD, ya rangi ya fedha, bapa kama kibuyu kilichokaliwa.

"Anko, hii nimekupa. Shika hivi, ilale. Ukiitikisa inaruka."

"Inaruka kwenda wapi?"

"Wimbo ndio unaruka, Anko! Inaacha maneno katikati."

"Basi umekosea mtu," Ndanu alisema, akicheka. "Huyu hata kikombe cha chai hakifiki mezani kikiwa kimejaa."

Jumatatu adhuhuri, wateja wakiwa wameenda kula, Onesmus aliilaza diskimani juu ya benchi la kazi, akafunga kifuniko mpaka kikasema ta, akatia visikizio masikioni. Kupitia kidirisha aliiona CD ikianza kuzunguka. Kisha wimbo ukaingia kichwani mwake, na haukuwa wimbo wao.

Ulikuwa mwepesi na wa juu. Ulikwenda kama watu wanaofukuzwa. Alisikiliza mpaka ubeti wa pili, na soprano wa kwenye CD alipopanda, Onesmus alisimama.

Akafikiri: ni betri hizi mpya za Nthenya, zina nguvu mno. Akazitoa, akatia mbili za tochi yake, zilizolegea tayari, ili wimbo urudi kwenye mwendo wake. Kwenye kioo kikatokea kipicha cha betri tupu, kikapepesa, na CD ikasimama. Akazibadilisha mara tatu. Mwisho akaifunga diskimani kwa taulo, akaipeleka kwa Nzioka, fundi wa redio, hatua thelathini kutoka kibanda chake.

"Nzioka, hii kitu inakimbia. Nipunguzie."

"Inakimbia aje?"

"Inaimba kama iko na deni."

Nzioka alitia kisikizio kimoja, akasikiliza, akatabasamu. "Mwalimu, CD haichoki. Ikiwa na nguvu inaimba, ikikosa inanyamaza. Kuchoka, kuimba pole pole na sauti kushuka, hiyo ni kaseti." Akamrudishia. "Kwani kwa redio yenu mnaweka mawe gani?"

"Ya Syombua."

"Yale ya kwa bati?"

Onesmus aliirudisha diskimani ndani ya taulo. Nzioka aliacha kutabasamu.

"Aiya, Mwalimu."

Alirudi kibandani akaketi juu ya tairi. Aliguna ufunguo wao, yaani sauti yao ya kuanzia, akaguna ule wa CD, akapima kwa vidole. Ule wa CD ulikuwa juu kwa sauti moja na nusu. Miezi mitano alikuwa ameifundisha kwaya wimbo uliolegea, na kichwa chake kile kisichosahau kilikuwa kimelishika kosa barabara, bila kulipoteza hata kidogo. Mashindano yalibaki majuma matano. Mzee Mutiso, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amekwisha kumuuliza mara mbili kama haoni vyema Jeff amsaidie, maana Jeff alisomea muziki. Na kulikuwa na Ndanu. Sauti moja na nusu, juu ya pale alipokuwa anasimama.

Hapo ndipo alipoamua kunyamaza. Angepandisha nusu sauti kila juma. Majuma matatu wangefika, mawili yangebaki ya kutulia. Wasingejua. Nani angejua? Wote walichukua sauti kutoka kwake.

Diskimani ikawa yake peke yake. Aliibeba ndani ya kyondo, kikapu cha kusuka cha Ndanu, ameizungushia taulo, akitembea polepole na kyondo mbele ya kifua.

"Mwalimu, umebeba mayai?" wapita njia walimtania.

"Muacheni, amejifungua!"

Wanakwaya walimwomba waonje. Tracy, msichana wa soprano aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alikwenda mpaka kibandani. "Mwalimu, hata kamoja tu. Nisikie vile wenye nyimbo wanaimba."

"Betri zitaisha," alisema, na akajishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

Juma la kwanza hakuna aliyegundua. Aliinua mkono, akafumba macho, akaguna juu kwa nusu, na watu thelathini wakamfuata kama kawaida yao, na moyo wake ulidunda hata akaogopa wataona shati likicheza. Juma la pili waimbaji wa besi walichangamka, wakasema wimbo umepata damu. Juma hilo hilo Ndanu alianza kukohoa.

Kwanza alisema ni vumbi. Kisha akaanza kunywa maji ya tangawizi, kisha asali, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Akiwa anapepeta ndengu uani aliijaribu ile sehemu ya juu, taratibu, na akafika bila taabu, kwa sababu nyumbani aliimba katika ufunguo wa zamani. Mazoezini koo lilimfunga. "Ni kitu gani hiki?" alimuuliza mumewe. "Hapa uani iko. Nikisimama mbele ya watu inakataa."

"Utazoea," alisema Onesmus.

Mama yake Ndanu alikufa kwa maradhi ya koo. Lilianza kwa kukwaruza, likavimba, na kwa miezi minne ya mwisho alizungumza kwa mikono. Onesmus alikuwapo. Alimchimbia kaburi pamoja na shemeji zake. Alijua hasa mkewe alikuwa anahesabu nini kila alipojishika chini ya taya, na bado kila jioni alijiambia: kesho.

Juma la tatu, Alhamisi, sauti ya Ndanu ilikatika mbele ya kwaya yote. Kabla wimbo haujasimama, Tracy aliudaka kutoka nyuma, akaupandisha mpaka juu, kwa urahisi wa miaka kumi na tisa. Watu walipiga makofi. Ndanu pia alipiga.

Jumanne iliyofuata alisema anakwenda sokoni. Alirudi saa kumi, viatu vyekundu kwa vumbi, na Syombua alikuwa naye hadi mlangoni lakini hakuingia.

"Nimetoka hospitali Machakos," Ndanu alisema. "Daktari ameniangalia na taa. Ameniambia hakuna kitu."

"Basi ni vizuri."

"Hata mama aliambiwa hakuna kitu."

Akaketi, akavua viatu. Kisha akaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu anayepanga safari, kwamba mbegu za kunde ziko kwenye mtungi mweusi, zisichanganywe na zile za jirani. Kwamba leso mpya ile ya maua ni ya Mukai, binti yao, asije akaigawa kwa watu. Kwamba mbuzi mwenye pembe moja anazaa mapacha na asiuzwe.

Onesmus alisimama, akaleta diskimani. Aliilaza juu ya kigoda mbele ya mkewe.

"Leo umenipatia?" Ndanu alisema. "Betri si zitaisha?"

Alimvalisha visikizio kwa mikono yake, akabonyeza. Ndanu alisikiliza macho yakiwa kwenye kidirisha, kidole kikipiga goti. Kidole kilisimama upesi, kikatafuta mwendo mpya, kikaushika. Ubeti wa pili ulipofika alijishika koo. Wimbo ulipokwisha alitoa kisikizio kimoja.

"Huyu mama anaimba juu."

"Hapo ndipo pake."

"Na sisi?"

Akamweleza yote: mawe ya Syombua, Nzioka, nusu sauti kila juma. Hakuacha kitu. Alikuwa akitazama viatu vyake Ndanu, vilivyolala ubavu karibu na mlango.

"Umejua tangu lini?"

"Ile Jumatatu, baada ya Nthenya kwenda."

Ndanu alihesabu. "Siku ishirini na mbili. Ulikuwa unaniona nikimeza asali?"

"Nilikuwa nakuona."

"Hospitali?"

"Hiyo sikujua, Mama Mukai. Naapa."

"Lakini hii mambo ya mama yangu ulijua."

"Nilijua. Nilikuwa nataka..."

"Ulikuwa unataka kwaya."

Hakupaza sauti. Alitoa kisikizio cha pili, akaukunja waya vizuri, kwa sababu kilikuwa kitu cha Nthenya, akauweka juu ya diskimani. Kisha akaenda kukamua ng'ombe, maana saa ilikuwa imefika.

Alhamisi Onesmus aliiambia kwaya. Aliwapitishia diskimani, mtu na mtu, ikiwa imelala juu ya kitabu cha nyimbo, ili kila mmoja asikie. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Syombua alisimama. "Mawe yangu yalikuwa mazuri! Mbona mahubiri kwa kaseti yalikuwa yanasikika sawa?"

"Ndiyo maana yalikuwa marefu!" mtu wa besi alisema, na kicheko kikalivunja kanisa. Hata Mzee Mutiso alicheka, akisema tu kwamba makosa hutokea. Ndanu hakucheka. Aliomba ubeti ule apewe Tracy, naye akahamia kwenye sauti ya pili, mstari wa nyuma.

Machakos waliimba vizuri. Kinanda kilipoanza kutoka kwenye zile spika kubwa, kwaya iliudaka wimbo pale pale ulipokuwa. Kati ya kwaya kumi na moja walikuwa wa nne, na kabla ya hapo hawakuwahi kufika nafasi hiyo. Watu walimpa mkono. Hakuna aliyemlaumu.

Ila baada ya hapo, kila mazoezi, alipoguna sauti ya kuanzia, Ndanu hakuanza na wenzake. Alichelewa kidogo tu, kiasi cha pumzi, akisikiliza kwanza kama sauti ile ni ile ya juma lililopita. Hakuna mwingine aliyeliona. Onesmus aliliona kila mara, na akaanza kuogopa kufumba macho. Akifumba, ataguna nini? Alianza kujiuliza juu ya nyimbo zote, hata zile za kwenye ukuta wa jikoni la baba yake: nani alisema hapo ndipo pake?

Mwezi wa kumi na moja alimwendea Mzee Mutiso, akasema Jeff aitwe. Diskimani alimwachia Jeff pamoja na CD. Krismasi Ndanu alikwenda kwa binti yao Mukai, aliyeolewa Katelembo, akasema atakaa juma moja. Lilipita juma la tatu. Onesmus alifunga kibanda, akampa jirani ng'ombe na mbuzi awaangalie, akamfuata. Alimkuta akimenya maharagwe uani. Ndanu alimtazama, akasogea kidogo kwenye mkeka, na yeye akaketi akaanza kumenya.

"Wanyama umewaacha na nani?" Ndanu aliuliza.

"Na mama Mwikali."

"Yule atasahau kuwapa maji."

"Basi nirudi nikawalete."

"Ulete na mbegu za kunde."

Onesmus ana miaka sabini sasa. Anaishi Katelembo na Ndanu, nyumba ya pili kutoka kwa Mukai, na anatengeneza baiskeli na pikipiki kando ya barabara ya kwenda Machakos.