Fatiha ya Kiti cha Wadi

Watu wakiniuliza kwa nini siendi kumsalimia ami yangu ila siku ya Idi, huwaambia nina kazi nyingi. Sina kazi nyingi. Nina hasira naye, na hasira zenyewe ni za uchaguzi. Wala sisemi ule wa rais, ambao watu hununiana kwa ajili yake kisha wakasahau. Nasema kiti kidogo cha bunge la kaunti, kiti cha wadi yetu, alichokuwa akikigombea dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu. Alisomesha shule ya msingi mpaka akastaafu, na tunakaa wawili hapa Kuze katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Siasa hakuwahi kuitaka. Kilichomtia siasani ni maji machafu. Kichochoroni kwetu pana shimo la maji taka lililoziba, na likifurika maji hupita mlangoni petu yakateremka mpaka penye mlango wa madrasa. Watoto huvua viatu, wakakunja kanzu na mabuibui, wakaruka juu ya mawe tuliyowapangia. Anayeteleza maalim humrudisha nyumbani akaoge, maana hawezi kushika msahafu na miguu ile. Dada alikwenda ofisi za kaunti mpaka mabawabu wakamzoea. Mara faili liko kwa mkubwa, mara mkubwa yuko safarini. Mjumbe wetu wa wakati huo tulikuwa tukimwona maziko kwa maziko tu: anatia bega kwenye jeneza hatua chache, anapigwa picha, anaingia garini. Siku moja dada alirudi kutoka huko ofisini, akavua buibui, akanywa maji, akaniambia, "Nitasimama mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye akasubiri nimalize, kisha akaniuliza kama chai iko tayari. Hapo nikajua hatanii.

Alisimama kama mgombea huru, na alipotakiwa achague alama alichagua kikapu. Wa nje wakadhani ni kikapu cha sokoni. Sisi tulimfahamu. Hapa kwetu Mji wa Kale wanawake wengi wanakaa ghorofani, na muuza mboga au mikate akipita chini huteremshiwa kikapu kwa kamba, mtu akanunua asishuke ngazi. Basi dada alikuwa akisimama chini ya dirisha, akatoa salamu, kikapu kikateremka, akatia kikaratasi chenye picha yake. Kikishapanda hakuondoka. Alingoja maswali, nayo yalikuwa yakimwagika kutoka juu: hospitali ina dawa lini, vijana wetu wanakamatwa kwa kosa gani, na hilo shimo je? Alijibu moja moja huku akitazama juu, na akirudi jioni shingo imemkakamaa haigeuki. Nikawa namkanda kwa mafuta ya nazi, namwita Mheshimiwa Shingo.

Hakuwa na fulana za kugawa wala gari la kipaza sauti. Lakini wale wanaume wa barazani waliokuwa wakikohoa kwa dharau akipita, sasa walianza kumtangulia kwa salamu. Mtu mzima unajua upepo ukigeuka. Ile wiki ya mwisho mtaa mzima ulikuwa ukisema kiti ni cha mwalimu.

Aliyekuwa akishindana naye hasa ni bwana mmoja mwenye malori Shimanzi, aliyepewa tikiti na chama kikubwa. Mamake ni mtu wa mtaa wetu, jirani kabisa, ila yeye mwenyewe anakaa ng'ambo kwenye nyumba ya bustani, na akija Kuze anatembea kwa kuchagua pa kukanyaga. Mabango yake yalibandikwa hata juu ya mlango wa madrasa. Nilikuwa nikiyabandua asubuhi, wanayabandika jioni, na sikuchoka mimi kabla yao.

Basi siku moja katika wiki hiyo ya mwisho, baada ya sala ya alasiri, tukasikia hodi. Kufungua mlango ni ami yetu, mdogo wake baba, na nyuma yake wazee wa mtaa, na nyuma ya wazee bwana wa malori mwenyewe, kavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Nikawakaribisha sebuleni, dada akakaa nao, mimi nikaenda kutia kahawa kwenye dele na kukata halua. Pazia lilikuwa jembamba, na masikio yangu hayana ila.

Ami alianza mbali, kwenye afya na mvua, kisha akafika. "Mwanangu, twaja kwako kwa kheri. Nyote wawili ni wetu. Ela mukisimama nyote, kura zagawanyika, na kiti chenda kwa wageni. Sisi wazee tumeonelea umwachie nduguyo."

Dada akauliza kwa adabu zake zote, "Na kwa nini asiniwachie yeye mimi, ami?"

Mmoja akakohoa. Mwengine akaomba maji. "Hayo si maneno, mwanangu," ami akasema.

Ndiyo hoja yote hiyo. Wazee wazima wamevaa kofia zao nzuri, wamepanda ngazi zetu, na jibu lao kwa swali la haki ni kwamba si maneno! Nilitaka kutoka na lile dele nikamimine kahawa pasipo kikombe. Lakini bwana wa malori alikuwa na lake la kuongeza, na hilo ndilo lililomlegeza dada. Chama chake, akasema, kitapata viti maalumu vya wanawake katika bunge hilo hilo la kaunti, na kimoja ni cha mwalimu. "Tutaingia sote wawili," akasema. "Shimo lile halifiki mwaka mpya. Kiti chako nakutajia mbele ya wazee hawa."

Najua alichokuwa akipima dada. Alikuwa akipima shimo, na watoto, na ami ambaye tangu kufa kwa baba ndiye anayesimama mahali pake, hata waume tuliokuwa nao ndiye aliyetuoza. Mwisho akasema, "Kama ni ahadi, basi tuisomee Fatiha."

Wakasema hilo ndilo neno. Wakainua mikono, wakasoma, wakajipangusa nyuso. Kwetu sisi hapo jambo limekwisha. Posa husomewa Fatiha, na ikishasomwa binti ni wa watu. Ugomvi husomewa Fatiha, na ikishasomwa anayeuchokora tena ndiye mwenye makosa. Hakuna anayeomba sahihi baada ya hapo, angeonekana hana haya. Bwana wa malori akambusu ami mkono, akala halua yetu, tena akaisifu.

Kesho yake dada alipita vichochoro vile vile kuwaambia wanawake amejitoa. Nilikuwa naye. Walidhani anatania. Mmoja wa ghorofa ya juu kabisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kikapu chake polepole na kufunga dirisha. Dada alibaki akilitazama. Siku ya mkutano wa mwisho wa kampeni wakampandisha jukwaani karibu na Mwembe Tayari ili amwinue yule bwana mkono mbele ya watu, naye akamwinua. Mimi nilikuwa chini nikitafuna kucha.

Tulikwenda kupiga kura pamoja, asubuhi, tumejifunga mitandio mipya. Karatasi zilikuwa zimeshachapishwa kabla hajajitoa, kwa hivyo picha yake ilikuwamo, na kikapu ubavuni mwake, kama kwamba hapakuwa na kilichotokea. Mimi nilikipigia kikapu nikatoka kifua mbele. Siku ya Fatiha nilikuwa nyuma ya pazia, sikumwahidi mtu.

Bwana wa malori alishinda. Na aliyemfuata, nyuma yake kidogo tu, alikuwa dada yangu, mtu aliyejitoa! Mtu asiyetaka kura alipata kura kuliko wote waliokuwa wakizililia, ila mmoja. Wanawake wa madirishani walikataa kuambiwa. Siku hiyo nililala nimefurahi na nimekasirika pamoja, lakini nikajiambia si kitu, kiti maalumu kinakuja.

Zikapita wiki kadhaa. Jioni moja tukasikia vigelegele kutoka nyumba ya mama yake bwana wa malori, sasa mheshimiwa, na dufu zinapigwa. Dada alikuwa akisali. Nikajifunga leso nikaenda kutazama, jirani ni jirani. Kufika nakuta sebule imejaa wanawake, na katikati ameketi shemeji yake mheshimiwa, dada wa mkewe, mkaazi wa ng'ambo, anarushiwa marashi. Nikauliza kuna nini. Nikaambiwa bibi huyu ndiye aliyepata kiti maalumu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamsogelea mwenyewe nikampa hongera, maana adabu ni adabu, nikamwambia lazima alikuwa na wasiwasi kungoja siku zote hizo. Akacheka kwa uzuri kabisa, hana hili wala lile. "Wasiwasi wa nini, dadangu? Jina langu lilishapelekwa tume ya uchaguzi zamani, hata karatasi za kura hazijatoka. Nilikuwa nimetulia zangu kwangu."

Niliweka chini glasi ya sharubati. Sikuinywa na sitainywa. Maana yake siku walipokuja kwetu, siku yule bwana alipomtajia dada kiti mbele ya wazee, kiti chenyewe kilikuwa na mtu. Alijua. Aliinua mikono yake miwili akamsomea Mungu uongo, akajipangusa uso, akasifu halua.

Nilimwambia dada nikiwa bado mlangoni. Alinisikiliza amesimama na msala mkononi. Hakulia. Akasema, "Twende kwa ami tukamsikize."

Ami alituona tukija akajua. Akaapa kwamba habari za shemeji hakuzijua, na huenda ni kweli, sina ushahidi. Nikamwambia sawa, sasa umejua, basi nenda kamwambie yule bwana alisoma Fatiha nyumbani kwa marehemu kakako. Hapo ndipo aliponitolea maneno ambayo mpaka leo yananichoma.

"Fatiha ni dua, wanangu," akasema. "Sisi tulimuomba Mungu kheri. Ule haukuwa mkataba."

Subhanallah! Ami huyu huyu, bintiye alipoposwa na watu wakarudi nyuma baada ya Fatiha kusomwa, aliwakataza watu hao wasikanyage kwake. Mzee wao alipokufa hakwenda kumzika. Alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba anayevunja Fatiha hata maji yake hayanyweki. Nikamkumbusha. Nikamwambia, "Ami, na ile ya binti yako, ilikuwa dua pia?"

"Yale ni mambo ya nyumba," akasema. "Haya ni siasa."

"Na ilisomewa wapi, ami? Si nyumbani?"

Akaniambia nina mdomo mrefu tangu utoto. Ni kweli ninao. Dada akanishika mkono ninyamaze, akamwuliza yeye, taratibu, kama anavyomwuliza mtoto wa shule aliyechelewa, "Kwa hivyo siku ile wewe ulikuwa wajua ni dua tu?"

Ami akatazama tasbihi yake. Akasema tukae tunywe kahawa. Hatukukaa.

Tulirudi kwa miguu, mimi nikiongea njia nzima. Mlangoni petu maji yalikuwa yamepanda, tukavua viatu tukapita, na hapo nilisema maneno ambayo siyaandiki. Tulipofika jikoni dada akawasha moto akaanza kusonga ugali, na mimi nikawa bado naendelea. Nikamwambia kinachonipoza ni kimoja tu, kwamba walau nyumba hii haikumpa kitu yule mwongo, kura zetu zote mbili ziliingia kwenye kikapu.

"Moja," akasema.

Nikamuuliza moja vipi.

"Yako. Yangu nilimpa yeye."

Nilimtazama. Alikuwa amenipa mgongo, mwiko haujasimama. Nikamwambia, picha yako ilikuwa pale mbele ya macho yako, dada, na kalamu unayo, na hakuna mtu anayekuona.

"Niliiona," akasema. "Niliitazama sana. Wamenitoa vizuri." Akageuza ugali upande wa pili. "Lakini nilikuwa nimesoma Fatiha, mdogo wangu."