Hukumu ya Tingatinga

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua, mwanangu, ukumbi wa kambi umejaa vijana mpaka madirishani, nami nimekaa mbele na daftari magotini kama hakimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilitoa hukumu nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Wiki chache baadaye nilielewa nilichokuwa nimefanya. Sogea karibu nikueleze, kwa maana nimesikia nawe umechaguliwa kuamua mambo ya wenzako.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba kubwa la chai, si mbali na kwetu Kiptere. Wachumaji wengi walikaa kambini, na wengi wao walikuwa wametoka upande wa ziwa. Sisi wa vijijini tulikuwa ng'ambo ya mto, na vishamba vyetu vya chai na ng'ombe wawili watatu. Miaka michache kabla ya hapo watu wa pande hizi mbili waliogopana vibaya. Kuna nyumba zilizochomwa. Hata mambo yalipotulia, tulisalimiana tukiangalia chini. Kanisani tulikaa safu tofauti, na sokoni kila mtu alijua ni mama yupi atanunua nyanya kwake.

Mahali pamoja tu ndipo vijana wa pande zote walikaa benchi moja. Ni huko ukumbini, Jumamosi alasiri, mbele ya mashine mbili za mchezo.

Usidhani zilikuwa kama hizi simu zenu. Zilikuwa mashine ndogo za kushika mkononi, zenye kioo cha kijivu kisichozidi kiberiti. Fundi Odhiambo, aliyetengeneza mitambo ya kiwandani, alikuwa ameletewa na nduguye kutoka ng'ambo. Ukiziunganisha kwa waya, watu wawili wanapiganisha wanyama. Si wanyama wa dunia hii. Walikuwa viumbe vya ajabu, zaidi ya mia moja, wengine wakitema moto, wengine wakiwa na mabawa ya barafu. Kila mchezaji alichagua sita na kuwatuma uwanjani mmoja mmoja. Ambaye sita wake wote wameanguka, ameshindwa. Majina yao hatukuweza kuyatamka, kwa hivyo tuliwabatiza upya. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kidogo na watu wengi, Fundi Odhiambo alisimama nyuma ya wachezaji akatangaza pambano kwa sauti, kama mpira wa redioni. Betri zikichoka tulizipasha moto kando ya jiko la chai, zikafufuka kwa mechi mbili zaidi.

Mimi ndiye niliyekuwa refa. Pande zote zilinichagua kwa sababu niliandika kila kitu. Ni nani amecheza na nani, wanyama gani sita, nani ameshinda.

Mwanzoni kulikuwa na raha ambayo sijui nikuelezeje. Kila Jumamosi mtu alikuja na mnyama ambaye hatujawahi kumwona. Binamu yangu Kibet alikuwa na popo aliyenyonya nguvu za adui. Atieno, binti wa mchumaji mmoja wa kambini, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka mmoja na mimi, alikuwa na chura mnene asiyejua kupiga. Huyo chura aliimba mpaka adui akasinzia, kisha akavimba, akavimba, na ukumbi mzima ukawa juu ya mabenchi ukipiga kelele.

Kisha akapatikana Tingatinga.

Alikuwa na pembe moja na kifua kama lori la mkaa. Alipiga kabla hujavuta pumzi, na wengi walianguka kwa pigo moja. Kila mtu alikuwa huru kumchagua, lakini Kibet ndiye aliyemjulia zaidi. Baada ya miezi miwili Atieno alisimama mbele ya watu wote.

"Refa, naomba Tingatinga akae nje ya ligi."

Kibet aliruka. "Aki huyu! Ukishindwa unataka sheria ibadilishwe. Kesho utasema hata mimi nikae nje."

"Wewe kaa, Kibet. Bila Tingatinga wewe ni mtu mzuri tu."

Watu walicheka. Fundi Odhiambo aliinua mkono. "Omera, ndugu yangu refa, amua haraka. Betri zinakufa."

Nilifungua daftari nikahesabu taratibu, nikijua macho yote yako kwangu. Tingatinga alikuwa amecheza mechi thelathini. Upande wake ulikuwa umeshindwa kumi na sita. Nikasimama.

"Mnyama anayeshindwa kuliko anavyoshinda, nimfukuze kwa kosa gani?"

Makofi! Vijana wa kwetu walipiga miguu sakafuni. Atieno alingoja kelele zipungue.

"Hesabu yako ni safi," alisema. "Lakini umeangalia mechi zake tu. Angalia zile zingine."

Mwanangu, hapo ningemwuliza ana maana gani, nisingekuwa na habari ya kukusimulia leo. Lakini ukumbi ulikuwa wangu, na utamu wa kupigiwa makofi ulikuwa bado kinywani. Nikasema, "Dada, nenda ukalie na chura wako."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Atieno alifuta kioo cha mashine kwa mkono wa sweta yake, akaiweka juu ya benchi polepole, akatoka kwenye mvua.

Jumamosi iliyofuata vijana wa kambini walikuja wanne. Iliyofuata, kutoka kambini alikuja Fundi Odhiambo peke yake, na hakutangaza kwa sauti kubwa. Ya tatu, benchi moja lilikuwa na watu wa kwetu watupu na lingine limeegemezwa ukutani. Mtu akasema, "Waache, hao wana mambo yao." Nilishtuka. Neno hilo "hao" nilikuwa nimelisikia mara ya mwisho wakati nyumba zinachomwa.

Jumanne yake mama yake Atieno alileta kikapu kwenye mizani. Trekta ya kubeba majani ilikuwa imechelewa, wachumaji wengine wakakaa pembeni kunywa uji. Nikajikaza nikamwuliza, "Mama, Atieno yuko wapi siku hizi?"

"Unauliza leo?" Alifungua aproni yake ya plastiki, akaikung'uta maji karibu na viatu vyangu. "Kijana, nikuambie kwa nini nilitoka shamba la kwanza nililochuma?"

Niliweka kalamu chini.

"Kulikuwa na mwanaume mmoja huko, mkono wake haukuonekana ukipita kwenye chai. Nyapara akaona kikapu chake akasema, hiki ndicho kipimo cha kila mtu. Sasa huyo mwanaume alikuwa mgonjwa mgonjwa. Wiki ingine hayuko kabisa. Ukisoma kitabu cha nyapara, mwezi ukiisha hata mimi nilikuwa nimemshinda. Lakini siku hayuko, kipimo kilikuwa bado ni chake. Mimi mkono wangu ulikuwa wa polepole, majani mawili na chipukizi, safi. Nikaanza kukwangua majani ovyo, mabichi na magumu. Jirani yangu naye akakwangua. Tukawa wote mkono mmoja. Wale hawakuweza wakaenda. Nyapara hakuandika popote ni nani wameenda."

Akainua kikapu kitupu mgongoni. "Hiyo ndiyo Atieno alitaka kukuambia. Wewe ukamwambia alie."

Jioni ile, hata kabla ya kuvua viatu, nilifungua daftari. Safari hii sikutafuta nani ameshinda. Nilisoma zile orodha za wanyama sita sita, kutoka juu kwenda chini.

Kurasa za kwanza zilijaa majina yetu ya kuchekesha, hakuna mawili yaliyofanana. Halafu Tingatinga anaingia, na mara moja chini yake naona Jiwe. Jiwe alikuwa mnyama mzito wa mwamba, na karibu yeye pekee ndiye aliyeweza kupokea pigo la Tingatinga akabaki amesimama. Ukurasa unaofuata, Jiwe mara nne. Unaofuata, Jiwe kwa kila mchezaji, na nyuma yake wenzake wale wale wa kumsaidia. Mechi kumi na sita alizoshindwa Tingatinga, alishindwa na timu moja tu, ikishikwa na mikono tofauti. Nikageukia mechi ambazo hakuwemo kabisa, wala huku wala kule. Ni Jiwe. Ni Jiwe. Katika wanyama zaidi ya mia moja tulikuwa tumebaki na saba, na mimi ndiye niliyeyaandika yote kwa mwandiko mzuri bila kuyaona.

Lakini kilichoniumiza zaidi hakikuwa hicho. Nilimtafuta chura. Nilirudi nyuma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Kwa Jumamosi nne kabla ya hukumu yangu Atieno hakuwa amemleta hata mara moja. Naye alikuwa amepanga Jiwe, kama sisi wote. Nilimwambia akalie na mnyama ambaye tayari alikuwa amepokonywa, mbele ya macho yangu, na daftari lilikuwa magotini mwangu.

Jumapili baada ya ibada nilivuka mto. Sikuwa nimewahi kuingia kwenye zile nyumba za kambini. Watoto waliacha kucheza wakanitazama. Nilimkuta Atieno mlangoni mwa jiko akichambua mboga.

"Umekuja kuniambia nilikuwa sawa?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapa jikoni kwa mama?" Hakuinua macho. "Ulinicheka mbele ya watu, refa."

Nilielewa. Wiki nzima, kila nikitoka kazini, nilipita nyumba hadi nyumba, za kambini na za vijijini, nikiwaomba waje. Jumamosi walikuja, ingawa kila upande ulikaa benchi lake. Nilisimama nikasema nilikosea hukumu, na nilimkosea Atieno kwa neno la kumdhalilisha. Nikasema Tingatinga hatacheza tena.

Kibet alisimama, shingo imevimba. "Kumbe refa ameshanunuliwa na watu wa ziwa!"

Niliona mtu mmoja nyuma akishika fimbo yake vizuri. Nilimpa Kibet daftari, nikamwonyesha pa kuanzia.

Alisoma kwa kidole. Alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Kisha kidole kikasimama, na sauti yake ikatoka ndogo, nisiyoijua.

"Kwani mimi nilimwacha popo wangu lini?"

Kila mmoja alikuwa anajiuliza la kwake. Atieno ndiye aliyetoka kwenye benchi la kambini, akakaa karibu na Kibet, akamnyooshea mashine moja. Walicheza. Popo alimlaza chura chini, na Atieno alicheka kuliko wote, huku Fundi Odhiambo akitangaza mpaka sauti ikamkauka.

Mwanangu, utaletewa kesi ya mwenye nguvu, na watu watakuambia hana kosa kwa sababu naye huanguka. Inawezekana ni kweli. Hesabu hivyo, lakini usiishie hapo. Tazama wengine wamegeuka kuwa nini kwa ajili yake, hata siku asipokuwepo. Tafuta waliokuwa wakija na siku hizi hawaji, ukavuke mto uwaulize. Anayekuletea lalamiko akisema jambo usilolielewa, mwulize papo hapo, hata kama makofi ni yako. Na ukimdhalilisha mtu hadharani, usiende kumwomba msamaha jikoni.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kinywa. Akupe uti wa mgongo wa kusimama siku watu wako watakaposema umenunuliwa. Popote utakapoketi kuamua, watu waondoke wakiwa wengi kama walivyokuja, na uzee ukukute ukiitwa jina lako kwa upendo pande zote mbili za mto.