Siku Nane za Kitovu

Capitoline, mkunga wa mtaa wa Kilibula, hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka 1964 waasi waliuteka mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na Révérien, mkuu wao mtaani hapo, akapiga marufuku dawa za wazungu, hata kuchemsha vyombo kama hospitalini. Capitoline akaendelea kuchemsha wembe wake kila asubuhi, mlango wazi, aone atakayeona.

Siku mke wa Révérien alipojifungua, aliitwa mkunga yuleyule. Alikata kitovu kwa wembe uliochemshwa, akakifunga kwa uzi uliochemshwa. Mara akaingia Ernestine, mama mzazi wa Révérien, na mavi mabichi ya ng'ombe juu ya jani. Watoto wote wa nyumba ile walipakwa hayo ili kitovu kikauke upesi.

Capitoline akakifunika kitovu kwa kiganja. "Hapana, mama."

"Weye iko nani wa kukatalia mama yangu?" Révérien akauliza kutoka mlangoni, bunduki begani.

"Minye ni mama ya Wema. Nilimupaka mavi na hii mukono. Akakufa siku ya saba."

Baada ya kifo hicho, katika hospitali ya Lemera, Capitoline alifundishwa kilichomuua Wema. Vijidudu vya kwenye mavi hujificha kitovuni, wala havitoki hapo. Hutengeneza sumu, nayo hupanda kwa mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, ikainyima misuli kulegea. Mdomo hujifunga kwanza, kisha mgongo hupinda. Mtoto ana njaa, ziwa liko mdomoni, na hawezi kunyonya. Hilo Capitoline hakufundishwa na mtu. Alilitazama siku mbili.

"Banasema ni pepo," Ernestine akasema.

"Pepo gani iko nalala mu mavi ya ng'ombe? Nitakaa hapa siku nane. Mutoto akikatala ziwa, bunduki ile pale."

Akakaa kweli, akifukuza hata nzi. Siku ya nane mtoto alinyonya hadi maziwa yakamtiririka shavuni. Révérien akatoka na bunduki yake.

Ernestine alibaki mkekani. "Batoto batatu," akasema. "Mbele ya kuzaa Révérien nilizika batatu. Nilibapaka minye."

Capitoline akaketi kando yake. Akalia naye.

Kesho yake asubuhi, marufuku ikiwa bado ipo, mlango wa mkunga ulikuwa wazi kama kawaida. Aliyechuchumaa akichochea moto chini ya sufuria ya wembe alikuwa mama wa mkuu.