Mwanya wa Mwamvita

Asubuhi ya mwisho Mwamvita akiwa mzima, alikuwa akichambua mchele barazani na kumtania mjukuu wao, Raudha wa kidato cha pili: "Mke mwenzangu, mwanya huo umeniibia." Wakacheka, na mumewe, mzee Mfaume, akaona kicheko kimoja kwenye nyuso mbili.

Maradhi yakaondoka na Mwamvita. Amri ya barakoa ilipoondolewa, Temeke nzima ilivua. Raudha hakuvua, hata nyumbani. Mfaume alitamani sana kuuona tena ule mwanya.

"Mke wangu, korona imekwisha," alimwambia akipakuliwa chakula. "Unajificha nini?"

Binti akaweka upawa chini.

"Mie nikicheka, babu, unamwona bibi, unaacha wali unakwenda kulia uani. Sasa utakula lini?"