Mlango Uliofunguka kwa Kidole Kimoja

Nakumbuka vizuri, mwanangu, na mke wangu asinisikie, kwa sababu siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yetu. Ndiyo siku niliyoufungua mlango wa futi kumi na tano kwa kidole kimoja. Kidole hiki hapa, cha mwisho kabisa, ambacho sasa kimekataa hata kunyooka. Mafundi wote walipiga makofi, nami nikajiona nimefika.

Lakini nisikimbie. Mimi nikianza habari za milango huwa nakimbia, nyumbani wananijua. Ngoja nianzie pale mambo yalipoanzia.

Miaka ile ya hamsini Thika ilikuwa inajengwa mbio mbio. Ulipita mahali Jumatatu ukaona nyasi na ng'ombe, ukirudi baada ya miezi michache unakuta kiwanda kinatoa moshi. Nilitoka Maragoli nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na sanduku langu la randa, msumeno na patasi. Useremala nilikuwa nimefunzwa na watu wa misheni. Kule kwetu nilitengeneza viti, meza, na milango ya nyumba, ile ya bawaba. Basi siku ya kwanza kuingia upande wa viwanda nikaona ukuta mzima unatembea! Mama yangu! Ukuta umesogea kando, lori limeingia na shehena yake ya mananasi, na ukuta umerudi mahali pake. Nilisimama pale nimeduwaa mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimepata. Nilijua palepale kwamba hiyo ndiyo kazi yangu.

Nikaandikwa na kontrakta mmoja, Mhindi wa makamo mwenye kilemba, mtu wa maneno machache. Fundi wake mkuu alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba mwembamba aliyependa ugoro. Alikuwa na desturi moja: akiona kosa hasemi kitu, anatoa kwanza kichupa chake, ananusa, anapangusa pua, ndipo anafungua mdomo. Ukimwona anatafuta kichupa mfukoni ujue umekwisha. Na benchi lililokuwa karibu na langu lilikuwa la Wanjohi, rika langu, mtoto wa Murang'a. Tulikula githeri pamoja mchana, na tulitaniana kutwa kucha kuhusu ugali wa kwetu na viazi vya kwao.

Hebu nikueleze mlango huo unavyotengenezwa, maana nyinyi siku hizi mnaununua tu. Unaanza na fremu ya mbao za podo, mbao nene zilizokauka vizuri, kwa sababu mbao mbichi zitajikunja ukaja kulia. Katikati unapitisha ubao wa mlalo, halafu mishazari miwili, kutoka chini katikati mpaka pembe za juu. Usipoweka mishazari mlango utalegea bega moja kama mtu aliyechoka kubeba gunia. Nje unapigilia mabati. Upana lazima upite nafasi ya ukuta kwa nusu futi kila upande, mvua isipate njia. Na ukuta wa kando lazima uwe mtupu, kwa sababu mlango ukifunguka unahitaji mahali pa kukaa. Juu unafunga magurudumu mawili ya chuma, yanatembea kwenye reli. Chini kuna mfereji mwembamba ndani ya simiti, wa kuushika mlango usipeperushwe na upepo. Kitu kizito kama gari, mwanangu, na kinatembea! Hata sasa nikikueleza moyo unanidunda.

Sasa, tulikuwa tunajenga ghala lenye milango miwili. Kontrakta akanipa mmoja, na Wanjohi mwingine. Akasema amepata kazi nyingine Ruiru, ghala la kahawa lenye milango sita, na kwamba yule ambaye mlango wake utafunguka kwa wepesi zaidi siku ya kujaribiwa, huyo ndiye atakuwa msimamizi wa kazi ya Ruiru. Msimamizi! Mimi mtoto wa Maragoli niliyekuja na sanduku! Sikulala vizuri wiki tatu.

Na kwa Wanjohi jambo lilikuwa kubwa kuliko kwangu. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mkikuyu kukaa mjini alihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji kazi. Akikosa kazi anapakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa watu wa kabila lake. Mikono yake ndiyo iliyomweka Thika. Nilijua hayo yote, lakini akilini mwangu kulikuwa na milango sita tu.

Mlango wangu ulikuwa mzuri, sikudanganyi. Viungo vyake vilibana hata wembe haungepita. Lakini tulipoutundika niliusukuma nikaona ni mzito, unataka mkono wote. Wa Wanjohi ulikuwa vilevile. Nikaona tutalingana, na mimi sikutaka kulingana. Hapo ndipo ujanja ukaniingia. Nilipanda ngazi saa ya chakula, wenzangu wakiwa kwenye uji, nikalegeza vishikilio vya reli nikavishusha kidogo kidogo kuelekea upande wa kufungulia. Inchi mbili tu kwa futi thelathini za reli. Mbele ya reli tulikuwa tumeweka kifuniko cha bati cha kuzuia mvua, kwa hiyo mtu wa chini hakuona chochote. Nikaranda ukingo wa chini wa mlango usije ukakwaruza sakafu, nikapaka magurudumu grisi, nikashuka nikipiga mluzi.

Siku ya kujaribiwa kontrakta alikuja na mwenye ghala. Wanjohi akasukuma wake kwa kiganja, ukaenda polepole, ukafika. Wakaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Nikaja mimi. Nikainua komeo, nikaweka kidole hiki kwenye mpini, nikavuta hivi. Wacha wee! Mlango ukatoka kama umeitwa! Ukaenda, ukaenda, ukagonga kizuizi cha mwisho, paa! Makofi! Mwenye ghala akacheka kama mtoto. Kontrakta akanishika bega akasema, "Kegode, Ruiru ni yako." Na Wanjohi, aliyekuwa ameshindwa, alikuja akanikumbatia. "Haiya, Kegode! Kwani umeweka mafuta gani huko juu?"

Nikamwambia ni siri ya Maragoli. Tukacheka wote.

Watu walipotawanyika nikamwona Mzee Mutiso amesimama mbele ya mlango wangu. Alikuwa ameshika kichupa cha ugoro. Akanusa. Akapangusa pua bila haraka.

"Umefungua kwa kidole," akasema. "Sasa funga kwa kidole hicho hicho."

Nikajifanya nimechoka. Akangoja. Mzee yule alijua kungoja. Basi nikaweka kidole, nikasukuma, mlango haukutikisika. Nikaweka mkono. Nikaweka mikono miwili. Mwishowe niliufunga kwa bega, jasho linanitoka, na nilipofika nikatia komeo upesi maana niliusikia unataka kurudi.

"Mzee, kontrakta amefurahi," nikasema.

"Kontrakta ataondoka. Mlango utabaki na watu." Akanitazama, na hakuwa na hasira, jambo lililoniuma zaidi. "Mwanangu, sitakusema mimi. Nenda umwambie mwenyewe kesho asubuhi, unyooshe reli. Kazi nzuri namna hii, mbona unaiharibu kwa mkono wako?"

Nikasema ndiyo, Mzee. Lakini moyoni nilikuwa tayari Ruiru. Nilijiambia nitainyoosha reli kimya kimya siku moja, nikishapata karatasi ya kazi mkononi, na hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Asubuhi ilipofika sikumwambia. Nilikuwa nimesimama uani nikiwasimulia wapaka rangi jinsi kidole changu kilivyofanya kazi, na ninaona haya kukwambia kwamba nilikuwa nasimulia mara ya tatu. Msumeno wa mashine ulikuwa unapiga kelele huko nyuma. Mama mmoja wa kubeba maji akataka kupita na debe lake, akainua komeo la mlango wangu. Hakuvuta. Aliinua komeo tu.

Na mlango ukaanza kwenda wenyewe.

Mwanzoni nilicheka. Nilijisikia fahari hata hapo, unaona ujinga! Kisha macho yangu yakafika mwisho wa ukuta, pale kwenye kizuizi. Wanjohi alikuwa amechuchumaa pale, mgongo wake umetuelekea, mkono wake wa kulia umezama ndani ya mfereji. Simiti ilikuwa imemwagika mle ikakauka, naye alikuwa anaikwangua. Mfereji wa mlango wangu, siyo wake. Wake alikuwa amemaliza, akaja kunisaidia.

Nikapiga kelele, "Wanjohi! Toa mkono!" Msumeno ukaimeza sauti yangu. Nikakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo tena maisha yangu. Nikaudaka mpini na mlango ukanivuta, nikaburutika kwenye simiti, viatu vyangu vya akala, vile vya matairi, vinateleza, na kadiri ulivyokwenda ndivyo ulivyozidi kasi. Nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote. Halafu nikasikia kifua cha mtu kimejibamiza kwenye mlango upande ule mwingine. Alikuwa Mzee Mutiso, na mifupa yake yote ile ya uzee. Tukashindana nao, mmoja anavuta, mmoja anazuia, na mlango ukasimama.

Kati ya ukingo wake na mkono wa Wanjohi ilibaki shubiri moja.

Wanjohi akageuka. Alituona tumeshikilia mlango, tunahema. Akautazama mlango, akatutazama sisi, akacheka. "Kegode, huu mlango wako ni mwepesi kweli. Sasa umeanza kujifungua wenyewe!" Akarudi kukwangua simiti yangu.

Mwanangu, hakuwa amejua lolote. Kama ningenyamaza asingejua mpaka leo. Nilimtazama Mzee Mutiso, nikitegemea atoe ugoro, atoe maneno. Hakutoa kitu. Alikuwa ameshika ubavu wake, anatafuta pumzi. Aliniachia mimi.

Nikaenda kwa kontrakta. Nikamwambia mbele ya watu: reli nimeiinamisha mimi, kwa makusudi, nipate kazi ya Ruiru. "Kegode, hata hukuhitaji," akasema. "Mlango wako ulikuwa mzuri kuliko wote. Ningekupa tu." Kisha akasema, "Ruiru ataenda Wanjohi." Na akaenda zake.

Hayo maneno, ningekupa tu, yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nilipanda ngazi, nikainyoosha reli kwa pima maji mpaka kile kitone cha hewa kikatulia katikati, na machozi yananitoka huko juu, nikashukuru kifuniko cha bati kwamba kinanificha. Niliposhuka Wanjohi alikuwa ananingoja chini ya ngazi. Mtu alikuwa ameshamweleza kila kitu. Nilifikiri atanipiga, na ningemwachia. Aliinua mkono wake wa kulia akautazama, akaugeuza, kama anauona mara ya kwanza.

"Ulikimbia?" akaniuliza.

"Nilikimbia."

"Basi twende Ruiru," akasema. "Lakini pima maji nitashika mimi."

Tukaenda. Alikuwa msimamizi, nami chini yake, na sikunung'unika hata siku moja. Tuliitundika milango ile sita, na ee bwana, ilivyopendeza! Tulikuwa tunaitana kama watoto kuja kuona kila mmoja ukitembea. Kila mlango tuliufungua na kuufunga, kufungua na kufunga, kwa kiganja kilekile, mpaka vibarua wakatuuliza kama tumerukwa na akili. Wanjohi akabaki na kazi, na karatasi, na baadaye akanunua kiwanja pale Mwiki, akajenga, akazaa watoto saba. Meza ya kulia chakula ya nyumba hii ni kazi ya mkono wake.

Tulimzika akiwa mzee wa meno machache. Nilipoenda kumuaga walikuwa wamemkunjia mikono kifuani. Watu walidhani ninaomba, kwa vile nilikawia. Nilikuwa nahesabu vidole. Vilikuwa kumi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Fanya kazi kwa furaha, upige mluzi, ujivune hata kidogo, kwa sababu kazi isiyofurahisha mikono haidumu. Lakini chochote utakachotengeneza, kijaribu kwenda na kurudi. Usijaribu upande ule tu unaotazamwa na mkubwa wako. Mkubwa hufungua mara moja siku ya makofi, halafu anaondoka. Wanaobaki na kazi yako ni mama wa maji, na kibarua, na rafiki aliyekuja kukusaidia bila kuitwa. Na ukikosea, sema mapema, ungali na nafasi ya kusema. Mimi nilipewa usiku mzima wa kusema, nikautumia kuota Ruiru. Shubiri ile moja sikuistahili. Nilipewa tu, na si kila mtu hupewa.

Mungu abariki mikono yako, mwanangu, aipe kazi na aitunze mizima mpaka uzee. Akupe mzee wa kukuuliza swali lile usilotaka kuulizwa, na akupe rafiki kama Wanjohi. Nawe siku ile usiyojua, uwe karibu na mwenzako, na ukimbie kumwokoa.