Jumamosi za Kufungua Kapo

Mwezi uliopita nilishuka Kamembe kumsaidia Maman kuhama. Anakwenda kuishi na mdogo wake huko Nyakarenzo, na ile nyumba yetu nyuma ya msikiti imekwisha kupata wapangaji. Tulikuwa tunatoa vitu chini ya kitanda alipovuta kifurushi cha kitambaa cha kaki, akakifungua na kuniuliza, “Hii byuma ni ya nini?”

Zilikuwa plaketi nne za breki, zile zinazobana gurudumu mpaka gari lisimame. Zilikuwa zimelika hadi kubaki nyembamba kama sarafu. Nilizijua pale pale. Nikazishika, nikazinusa, nikangoja. Kuna watu wakishika kitu cha marehemu machozi yanawatoka. Mimi nilihisi ubaridi wa chuma, basi. Nikamwambia Maman ni vitu vya ile gari, nikaviweka kwenye gunia la vya kutupa, tukaendelea na vyombo.

Lakini safari nzima ya kurudi Kigali, basi likipinda kona baada ya kona katikati ya msitu, Jumamosi zile zilinijia moja baada ya nyingine. Ngoja nikusimulie. Pengine wewe utajua la kufanya nazo.

Papa alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa jirani na soko, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule: kaki za wavulana, bluu za wasichana. Maman alifanya biashara ya mchele. Alishuka Muganza, akanunua magunia mawili matatu, akapanda juu ya lori, mara lori la mchele, mara la simenti, akapanda nalo milima hadi Kamembe. Kisha akauvusha mchele kidogokidogo kwenda Bukavu, ng’ambo ya mpaka. Alirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Sisi watoto tulicheka. Papa hakucheka.

Ndipo akanunua gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, milango minne, rangi ya majivu, alilouziwa na mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha simenti cha Muganza aliyekuwa anahama. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Vumbi la simenti lilikuwa limeingia kila mahali, hata kwenye redio. Ukipiga kiti kofi, kilitoa moshi.

Papa alijua kuendesha, kwani ujanani aliwahi kuwa dereva wa tajiri mmoja, lakini kibanda kilimfunga siku sita kwa wiki. Dereva angekuwa kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, anayepiga mluzi kwa meno hata akiwa anakula. Papa aliliegesha gari uani, akafunga lango, akasema, “Mwaka moja. Siku utafikisha kumi na munane, nayo itakuwa tayari.”

Kaka alilalamika kwamba injini inawaka vizuri, kwa nini kungoja mwaka? Papa akamjibu, “Kutembea inajua. Niko natafuta kama inajua kusimama.”

Basi zikaanza Jumamosi. Asubuhi Maman alikaanga mandazi, chai ya tangawizi ikachemka kwenye birika lenye masizi, na Papa akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, na kukisimamisha kwa kijiti. Harufu ya mandazi na ya oili zilichanganyika, mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Alianza na breki. Alitumia miezi mitatu kwenye breki peke yake: plaketi mpya, zile nne kuukuu akizifunga kwenye kitambaa cha kaki, mabomba mapya, mafuta mapya ya breki ambayo hakuniruhusu kuyagusa kwa sababu yanachubua rangi. Halafu magurudumu. Halafu taa. Injini aliiacha mwisho kabisa. Bawaba za milango alizilainisha kwa mafuta ya cherehani, na milango ile haikupiga kelele tena. Viti alivishonea foronya za kaki, mishono miwili miwili, mifuko nyuma, kama anavyoshona suruali ya mwanafunzi.

Kaka alitakiwa kubadilisha gurudumu kabla ya kushika usukani. Papa alikaa kwenye kigoda na kuangalia. Kaka alipanga jeki, akafungua nati, akatoa, akarudisha, akakaza. Papa alinyanyuka, akajaribu nati moja kwa mkono wake, kisha akarudi kukaa. “Tena.” Kaka alilirudia gurudumu lile lile mara nne juani, akipiga mluzi kwa hasira. Jirani yetu muuza mkaa aliweka kiti kando ya ukuta wake ili atazame.

Alipofikisha kumi na nane akapata permi ya muda, leseni ile inayotaka mwenye permi kamili awe pembeni. Safari ya kwanza tulikwenda Nyakarenzo kwa mama mdogo. Kaka mbele, Papa pembeni yake, mimi nyuma na beseni la viazi vitamu na kuku aliyefungwa miguu. Maman alibaki. Alisema atapanda siku kaka atakapopata permi kamili, siku hiyo atakaa mbele kama mke wa mkubwa na kushuka Muganza bila vumbi. Alisema hivyo akicheka, mkono kiunoni.

Haikuwa ajali. Nakwambia mapema kwa sababu najua unachongojea. Ilikuwa homa. Jumatatu kaka alisema kichwa kinamuuma, tukafikiri ni mvua iliyomnyeshea. Jumanne alilala mchana kutwa. Jumatano asubuhi alianza kusema maneno yasiyoeleweka, Papa akambeba mgongoni, mtu mrefu vile, miguu ikiburuta, akamlaza kwenye kiti cha nyuma na kumpeleka hospitali. Gari liliwaka mara moja. Breki zilishika. Magurudumu yalikuwa mapya. Lilifanya kila kitu lilichotengenezewa. Malaria ilikuwa imepanda kichwani, na Alhamisi jioni kaka alikufa.

Alizikwa Ijumaa baada ya sala. Wanawake walijaa nyumbani, wakakaa juu ya mikeka. Mimi nilipewa kazi ya kuosha vikombe, nikaviosha. Mama mmoja akanishika kidevu na kuuliza, “Huyu mutoto halii?” Mwingine akamwambia aniache, mimi bado mdogo, sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa. Ila mahali machozi yanapotokea palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu ulioukalia kwa muda mrefu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mikeka ikiwa bado haijakunjwa, nilisikia kapo linafunguliwa.

Papa alikuwa amevaa ile suruali yake ya oili. Alitoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakitoa tena. Maman alitoka mlangoni, kanga kichwani, sauti imekauka.

“Uko unatengenezea nani?”

Papa hakugeuka. “Sijui.”

“Kama hujui, acha!”

Hakuacha. Maman akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba. Tangu siku hiyo hakulitazama gari lile. Alipopita uani aligeuza uso ukutani. Baada ya arobaini alirudi kwenye malori.

Mimi nilikwenda nikasimama karibu na Papa. Aliponyoosha mkono bila kuangalia, nilimpa kitambaa. Aliponyoosha tena, nikampa bisibisi. Jumamosi iliyofuata, vivyo hivyo. Mandazi hayakuwapo tena, tulikunywa chai kavu. Gari halikwenda popote zaidi ya kuzunguka msikiti ili betri lisife, na bado alibadilisha oili, akasafisha buji, zile plagi zinazotoa cheche, akapima upepo wa magurudumu yasiyotembea.

Ukiniuliza kama nilikuwa na huzuni miaka ile, sijui nikwambie nini. Nilikuwa na mikono. Mikono ilijifunza. Nikiwa na miaka kumi na minne Papa alinisogezea jeki, akakaa kwenye kigoda. Nilibadilisha gurudumu. Akanyanyuka, akajaribu nati, akakaa. Nikangoja aseme “Tena.” Hakusema. Alitazama chini kati ya viatu vyake, nami nikarudia bila kuambiwa.

Nilipofikisha kumi na nane nilijiandikisha mwenyewe, nikafanya mtihani, nikarudi nyumbani na permi ya muda na kuiweka mezani wakati wa chakula. Papa aliisoma, akairudisha. Kesho yake alikuja na magurudumu manne mapya, akaniambia breki ni kazi yangu, yeye macho yamechoka. Maman alisema neno moja tu, sahani mkononi: “Mimi sitapanda.” Wala hakuna aliyemwomba.

Halafu siku moja, baada ya adhuhuri, mwanamke anayeuza mchele Muganza alipiga simu. Maman ameanguka kutoka juu ya lori lililokuwa linaondoka. Yuko hai. Mkono umevunjika. Amekataa kupanda lori jingine, amekaa barabarani.

Nilikuwa kibandani nimempelekea Papa chakula. Aliacha suruali nusu chini ya sindano, tukaenda nyumbani karibu tunakimbia. Nilidhani ataendesha yeye. Alinipa ufunguo na kuzunguka upande wa pili.

Barabara ya kushuka Muganza unaijua au utaijua: kona juu ya kona, bonde upande mmoja, na malori ya simenti yanapanda kwa kunguruma huku yakichukua nafasi yao na yako. Nilishuka kwa gia ya pili, nikigusa breki na kuachia, kugusa na kuachia, kama Papa alivyomfundisha kaka. Papa aliweka mikono juu ya magoti. Njia nzima hakunirekebisha hata mara moja. Joto la bondeni likaanza kuingia madirishani, yakatokea mashamba ya mpunga, na Maman huyo, amekaa juu ya gunia kando ya barabara, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni, nyusi nyeupe.

Alilitazama gari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitano. Kisha akanitazama mimi niliyekuwa nyuma ya usukani.

“Freni iko?” aliuliza, yaani breki.

“Iko, Maman.”

“Nani aliangalia?”

“Ni mimi.”

Papa alifungua mlango wa nyuma. Maman aliinama, akapitisha kiganja kwenye foronya ya kaki, polepole, mshono kwa mshono, kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Akaingia.

Tukaanza kupanda. Nilikuwa nimefika katikati ya mlima niliposikia sauti nyuma yangu, nikadhani ni mkono unaomuuma. Haikuwa mkono. Alikuwa anamwita kaka kwa jina, jina ambalo halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu tangu matanga, na analia kwa sauti kubwa iliyojaza gari. Nikatafuta mahali papana, nikawasha taa ya kupinda, nikasimamisha. Papa alishuka, akaenda kukaa nyuma pamoja naye. Naye akalia. Sikuwahi kumsikia, sikujua kwamba sauti yake ingeweza kuwa nyembamba vile.

Mimi nilishika usukani. Malori yalipita, gari likatikisika. Nilivuta breki ya mkono, nikaangalia kipimo cha joto la injini, kilikuwa sawa. Nikangoja, nadhani robo saa. Walipotulia niliuliza, “Twende?” Papa akasema twende, nikawapeleka hospitali.

Maman hakupanda lori tena. Nilipopata permi kamili nilimwendesha miaka mitano, kila likizo na kila wikiendi, naye akakaa mbele. Papa alifariki baadaye, taratibu, kitandani kwake, nami tayari nilikuwa nimepata kazi Kigali. Hapakuwa na wa kulitumia gari. Alikuja mzee mmoja mkulima kutoka Butare, anataka gari la mtoto wake wa kike anayeanza kujifunza. Alikagua kila kitu, akapiga magoti matopeni kutazama chini, akainuka akishangaa.

“Gari ya zamani hivi! Ni garaji gani iliitunza?”

“Hakuna garaji,” Maman akamjibu. “Ni batoto yangu.”

Batoto, si mutoto. Alikuwa amesimama uani na mtoto mmoja.

Yule mzee aliondoka nalo. Siku hizi gari langu nalipeleka mahali penye viti vya kungojea na televisheni, natoa ufunguo, naitwa likiwa tayari. Jumamosi nalala hadi saa nne. Uani kwetu palipokuwa panasimama gari, wapangaji wametandaza saruji, na sidhani kama kuna mtaa Kamembe ambako baba bado anamngojea mtoto wake akiwa kwenye kigoda. Neno lile la Maman, batoto, nimekuwa nalo miaka yote hii. Nalitamka peke yangu, polepole, nikisikiliza kama ndani yangu kuna kitu kitajibu. Bado hakijajibu, lakini siku hizi nalitamka mara nyingi zaidi.